Mishale Isiyokosa

Jumatatu, 9 Oktoba 2006

Leo Mungai amenipa uwindaji. Alisema hivyo tu, amesimama mlangoni na kikombe cha chai: "Lornah, kuanzia leo uwindaji ni wako." Kwa muda nikajiona nikishuka Biashara Street na mkuki begani, nikipita katikati ya akina mama wanaochagua blanketi.

Alikuwa anazungumzia gemu ya kompyuta. Tuko watu watatu katika chumba kimoja, ghorofa ya tatu, juu ya duka la nguo za watoto: Mungai mwenye ofisi, Ephantus aliyeandika programu tangu mwanzo, na mimi niliyejiunga nao Januari. Gemu yetu inaitwa Bonde. Ndani yake kuna kijiji cha zamani, mto, msitu na swala. Mchezaji hapigani na yeyote. Anawatunza wanakijiji wakilima, wakiwinda, wakizaa na kuzeeka, na anajitahidi kuwafikisha mwaka unaofuata wakiwa hai. Mwisho wa Novemba wageni kutoka ng'ambo watakuja kuitazama. Wakiipenda, wataiuza kwao. Wasipoipenda, Mungai anasema atarudi Limuru kufuga kuku.

Shida iko kwenye mishale. Haikosi. Haikosi hata siku moja.

Jumatano, 11 Oktoba

Mvua imeanza. Matope ya mtaani kwetu Kabiria yamenivua kiatu kimoja.

Ijumaa, 13 Oktoba

Siku nzima sikuandika chochote, nilitazama tu. Mvua ilikuwa ikiteleza kwenye dirisha na mji wote chini yangu umekuwa kama kitu kinachoonekana kupitia glasi ya maji. Kwenye skrini nako kulikuwa na mvua, niliyoiandika mwenyewe mwezi jana. Ikafika mahali sikujua ni ipi ninayoisikia.

Gemu huwapa wanakijiji majina yenyewe. Mwindaji mmoja limemwangukia jina la Muthama. Alitoka kwenye nyumba yake, akasimama mlangoni, akavuta upinde kuelekea mlima. Sikuona mnyama yeyote. Mshale ukapaa polepole, ukavuka mto, ukaingia kwenye ukungu, ukazunguka mlima. Naapa ulizunguka, kama ndege anayerudi kwenye kiota. Ukamshukia swala aliyekuwa akila majani upande wa pili, mahali ambapo Muthama hajawahi kukanyaga. Swala wenzake waliinua vichwa, kisha wakaendelea kula. Muthama akaanza safari ya kumfuata, akiwapita swala wengine watatu kwa karibu hata angeweza kuwashika mkia.

Ilikuwa kitu kizuri, cha kutisha kidogo, kama ndoto ambayo kila unachokinyooshea kidole kinaanguka.

Na wakishaanza hawaachi. Nyama inaoza mbele ya nyumba zao na bado wanavuta pinde. Jioni bonde lilikuwa kimya. Hakukuwa na swala hata mmoja, na kijiji kizima kilikuwa kimelala njaa kwenye majani mabichi yanayofika magotini.

Jumanne, 17 Oktoba

Nilienda Kangemi, kwa Oduor. Ana saiba, chumba cha kompyuta za kukodi, nyuma ya soko na vijana wake ndio wanatujaribia gemu. Nilimkuta akifuta vumbi kwenye kibodi kwa brashi ya kupaka rangi.

"Madam wa Bonde! Niaje?"

"Poa, Oduor. Wanasemaje?"

"Wanaipenda. Lakini wanaichoka haraka, sitakudanganya." Aliketi juu ya meza. "Hao wasee wenu wa mishale ni kama wachawi. Mtu anapiga mnyama aliye nyuma ya mlima, usiku, kwa mvua! Sasa mchezaji anafanya nini? Anaangalia tu nyama ikija. Na hao swala, wamelogwa ama? Mwenzao anaanguka hapo na wao wanatafuna."

"Nitarekebisha."

"Rekebisha, dada yangu. Uwindaji bila kukosa ni kwenda buchari tu."

Jumatano, 18 Oktoba

Nimezungumza na Ephantus. Huyu ni mtu mrefu, mkimya, wa sweta moja ya kijivu, na huvaa visikizio masikioni hata wakati hakuna muziki. Ukimwita mara moja hasikii.

Nilimweleza ya Oduor. Akanisikiliza, mkono kwenye kibodi.

"Swala wafundishe kukimbia, hiyo ni sawa," alisema. "Njaa pia. Mtu akishiba asiwinde. Hiyo andika. Lakini mshale uache."

"Ephantus, mshale ndio shida."

"Mshale unaenda ulikotumwa. Shida iko wapi?"

"Hakuna mtu duniani anayelenga hivyo."

"Wangu wanalenga hivyo." Akarudisha visikizio.

Nimeudhika. Kuna watu wakishaandika kitu kizuri wanakifanya kama mtoto wao, usimguse.

Ijumaa, 20 Oktoba

Kenyatta Day, sikukuu. Nimefua, hakuna kilichokauka.

Alhamisi, 26 Oktoba

Swala wangu wanakimbia! Nimewapa pua na masikio. Upepo ukivuma kutoka kwa mwindaji wanamnusa, wanasimama wote pamoja, halafu wanatoweka, na majani yanabaki yakitikisika. Mungai alikuja akasimama nyuma yangu akasahau chai yake ikapoa. Wawindaji nao wakishiba wanakaa chini. Jana jioni kijiji kizima kilikaa mbele ya moto bila kazi, nikawaonea wivu.

Lakini mishale sasa imekuwa mibaya kuliko mwanzo. Swala anakimbia, anakata kona, anaruka mto, na mshale unamfuata bila haraka kila anapogeuka. Hapo mwanzo alikuwa akifa bila kujua. Sasa anajua.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mvua. Stima zimepotea mara nne. Ephantus hakusema neno siku nzima isipokuwa "shikilia mlango".

Alhamisi, 2 Novemba

Nimeamua. Ephantus alipotoka kwenda kula, nilifungua sehemu yake ya mishale nikaongeza yangu. Sasa mkono wa mwindaji unatetemeka akiwa amechoka. Upepo unausukuma mshale. Mbali ni mbali, na gizani ni gizani. Mshale ukimkosa swala unaendelea na safari yake hadi ukutane na kitu.

Nitawaonyesha kesho.

Ijumaa, 3 Novemba

Sijui niandikeje ya leo.

Asubuhi niliwaita wote wawili kwenye mashine yangu. Nilikuwa na furaha ya mtoto. Muthama alikuwa ukingoni mwa mto, swala mbele yake, umbali wa kawaida, wa kibinadamu. Akavuta. Mungai akasema polepole, "Atapata... atapata..." na nikasikia raha, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika ofisi hii hakuna aliyejua.

Akakosa. Mshale ukapita karibu na bega la swala, ukaendelea kuvuka mto. Upande wa pili mwanamke alikuwa ameinama anachota maji. Akaanguka kando ya mtungi wake.

"Tazameni!" nilisema. Nilipiga makofi. "Mmeona? Hata hilo linaweza kutokea sasa! Hiyo ndiyo dunia!"

Mungai alicheka kwa mshangao. Kisha nikageuka. Uso wa Ephantus ulikuwa umebadilika rangi kama majivu. Alinyoosha mkono, akabonyeza swichi, skrini ikawa nyeusi. Alichukua koti lake akatoka, na tulisikia viatu vyake kwenye ngazi hadi chini kabisa.

"Ana nini?" niliuliza.

Mungai alitazama dirishani. "Sijui. Aliniomba kazi hii akisema anataka kuandika kitu chenye amani. Sikumuuliza zaidi."

Jumatatu, 6 Novemba

Ephantus amerudi. Ameondoa kila nilichoandika kwenye mishale.

Jumanne, 7 Novemba

Nimerudisha.

Jumatano, 8 Novemba

Ameondoa. Hatujasalimiana.

Mchana Mungai alitukalisha chini. Wageni wanakuja tarehe thelathini, alisema, na hatuwezi kuwaonyesha gemu yenye mabwana wawili. Ephantus alitazama mikono yake. Alisema neno moja tu: kwamba katika bonde lake hakuna atakayepigwa na kitu ambacho hakikutumwa kwake.

Nikashindwa kujizuia. "Wewe unaogopa kukosea, ndiyo maana," nilisema. "Unataka ulimwengu ambao Ephantus hakosei."

Alinitazama, si kwa hasira. Natamani ingekuwa hasira. Akasema, "Sawa, dada," akaenda zake.

Njiani nilipita chini ya mijakaranda karibu na kanisa. Maua yote yameanguka, yameelea kwenye maji ya barabarani, na nilikuwa naona aibu kuyakanyaga.

Ijumaa, 10 Novemba

Ephantus hakuja kazini jana, wala leo.

Jumamosi, 11 Novemba

Usingizini nilikuwa Bonde. Nilikuwa nachota maji na sikuwa na hofu yoyote. Niliamka kwa sauti ya mvua kwenye mabati.

Jumanne, 14 Novemba

Mungai alinipa kompyuta ya kubeba akanituma mtaa wa Jamhuri, nyumbani kwa Ephantus. "Mpelekee afanye kazi nyumbani. Na mwombe msamaha, hata kama hujui wa nini."

Nyumba yao iko mstari wa mwisho, ina uwa wenye sukuma wiki na mchaichai. Aliyenifungulia alikuwa mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, ameegemea mkongojo.

"Wewe ni Lornah wa swala," alisema kabla sijajitambulisha. "Mimi ni Wangeci. Ingia, mvua inakupiga."

"Asante, Mama..."

"Mama Shiru. Shiru yuko shule. Baba yake ameenda kununua mkate, hatakawia."

Alinitangulia sebuleni. Mguu wake wa kushoto aliuburuta, akauweka mbele, akauamini, ndipo akaenda hatua nyingine. Nilitaka kumsaidia kumimina chai, akakataa kwa kutikisa kichwa.

"Ameniambia umewafundisha swala kukimbia," alisema. "Alifurahi sana siku hiyo. Hakukuambia?"

"Hapana."

"Hasemi." Alikaa. "Halafu kuna siku alirudi mchana, akakataa kula. Nikamuuliza, akasema mwanamke amepigwa mshale mtoni. Nikasema, mwanamke gani? Akasema, wa kwenye gemu. Nikamuuliza, amekufa? Akasema hajui, alizima." Alinitazama usoni. "Mimi nilipigwa risasi, Lornah. Miaka mitatu iliyopita, Kangemi, sokoni. Nilikuwa nachagua nyanya. Majambazi walikuwa wakitoka mbio kwenye duka la mbele na walikuwa wanamfyatulia risasi askari wa duka. Askari hakuguswa. Mimi nilihisi kama mtu amenipiga teke mgongoni. Nikageuka kumwuliza kwa nini, nikajikuta chini."

Chai ilikuwa mkononi mwangu na sikujua nimeishikaje. Nilijiona nikipiga makofi. Niliisikia sauti yangu ikisema hiyo ndiyo dunia.

"Mama Shiru, mimi sikujua. Nilimfanyia mumeo kitu kibaya sana."

"Hukujua. Yeye naye hakusema, kwa hivyo ungejuaje?" Akaelekeza kidole kwenye begi. "Hiyo ndiyo kompyuta?"

"Ndiyo."

"Basi washa. Mimi nataka kujua kama alikufa."

Nilikataa. Nilisema tumngoje Baba Shiru. Alisema yeye ndiye aliyepigwa risasi, si Baba Shiru. Nikaiwasha.

Gemu hujihifadhi yenyewe, na Mungai alikuwa ameinakili kutoka mashine yangu, kwa hivyo kijiji kilikuwa palepale kilipoachwa: mto, mtungi, mwanamke amelala kando yake. Hakuwa amekufa. Kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka. Tukangoja. Wanawake wengine wakaja na mitungi yao. Walifika alipolala, wakamzunguka, wakachota maji, wakamzunguka tena, wakaenda. Muthama alivuka mto, akampita, akaenda kutafuta mshale wake. Jua la Bonde likasonga juu ya maji na hakuna aliyeinama. Hatukuwa tumewaandikia. Hakuna aliyewahi kuumia katika kijiji kile, basi hakuna aliyejua la kufanya.

Sikusikia mlango. Ephantus alikuwa amesimama nyuma yetu, mkate umelowa kwenye mfuko.

"Wangeci, zima hiyo," alisema.

"Sizimi. Njoo hapa."

"Wangeci."

"Njoo, Baba Shiru."

Alikuja. Wangeci aliweka kidole kwenye skrini, juu ya yule mwanamke.

"Hapa ndipo mmekosea, nyote wawili. Unamwona? Wanampita. Mimi sikuachwa hivi. Mama aliyekuwa ananiuzia nyanya alifungua leso yake kiunoni akanifunga nayo. Sijui jina lake hadi leo. Wanaume waling'oa mlango wa kibanda wakanilaza juu yake. Kuna mmoja alikuwa anakimbia kando yangu akinishikia kiatu, sijui kwa nini, kiatu tu. Wewe hukuwepo. Ulifika hospitali ukaona damu, na tangu siku hiyo unaona risasi peke yake. Mimi nilikuwepo. Niliona watu."

Ephantus alikuwa bado ameushika mkate.

"Na tena daktari alituonyesha ile picha ya mgongo wangu," alisema Wangeci, sasa kwa upole. "Ingesogea upana wa kidole, ningekuwa nimekwenda. Risasi ile ilikosa mara mbili. Ilimkosa askari, halafu ikanikosa mimi. Ukiandika dunia isiyokosa, mimi simo ndani yake."

Ephantus alikaa chini sakafuni, pale pale, akaegemeza kichwa kwenye kiti cha mkewe. Nilitoka uwani nikasimama chini ya mvua kwenye sukuma wiki, kwa sababu sikuona mahali pengine pa kuwa. Nilikaa huko mpaka Wangeci akaniita niingie, mkate utaisha.

Alhamisi, 16 Novemba

Ephantus yuko kazini. Alinikuta ninavua gambuti mlangoni.

"Lornah."

"Ephantus, yale niliyosema..."

"Tuyaache." Akavuta kiti chake hadi kwenye meza yangu, jambo ambalo hajawahi kufanya. "Rudisha ule upepo wako. Na mkono unaotetemeka. Ulikuwa umeandika vizuri."

Visikizio viko kwenye droo.

Jumatano, 22 Novemba

Tunafanya kazi kama watu wanaotembea ndani ya maji, polepole na bila kelele. Mimi naandika mishale inayokosa. Yeye anaandika kinachofuata: kilio kinachosikika hadi shambani, watu wanaotupa majembe, nguo inayochanwa, wanaume wanne na mlango. Leo mzee mmoja wa kijiji alipigwa begani na nusu ya Bonde ikamkimbilia. Mtoto mmoja alikimbia kando yake ameshika kofia yake. Nilimtazama Ephantus. Alijifanya anatafuta kalamu.

Jumatatu, 27 Novemba

Ameongeza kitu kingine, na sikumwomba. Kabla ya kuachia mshale, mwindaji sasa anatazama nyuma ya mnyama. Akiona mtu, anashusha upinde. Si kila mara anaona. Lakini anatazama.

Alhamisi, 30 Novemba

Wageni wamekuja, wawili, wapole, makoti yamelowa. Mungai alivaa tai. Tuliwasha.

Muthama alinyemelea kundi la swala kwa muda mrefu. Akavuta, akatazama, akashusha, kwa sababu mtu alikuwa anapita na kuni. Swala wakakimbia. Akafuata tena. Akakosa. Akakosa tena. Mgeni mmoja aliuliza kama mashine imekwama. Mungai akacheka peke yake.

Mwishowe walisema bonde ni zuri sana, hawajaona lingine kama hilo, lakini wachezaji wao hawana subira. Wana habari kwamba katika toleo la kwanza mishale ilikuwa haikosi. Je, tunaweza kurudisha hilo? Wangelichukua hata leo.

Mungai alimtazama Ephantus, kisha mimi. Nilijua ni mistari michache tu. Ningeifanya kabla chai haijapoa, na Mungai asingefunga ofisi.

"Bosi ni wewe," Ephantus alimwambia.

Mungai alilegeza tai.

"Hatutarudisha," alisema. "Iko hivyo."

Waliaga vizuri. Walishuka, tukawaona kutoka dirishani wakifungua miavuli yao.

Jumatano, 6 Desemba

Hawatachukua. Mungai alisoma jibu lao, akatununulia samosa.

Ijumaa, 8 Desemba

Mungai ana wazo: tuiuze Bonde kupitia Oduor. Kangemi kwanza, halafu Kawangware, saiba moja baada ya nyingine. Limuru itangoja.

Jumamosi, 16 Desemba

Leo Oduor ameweka Bonde kwenye mashine zake zote. Nilifika saa nane mchana, barabara inatoa mvuke. Ephantus na Mama Shiru walikuwa wametangulia. Mkewe alikuwa hajakanyaga Kangemi tangu siku ile ya risasi, Ephantus aliniambia kwa sauti ya chini. Walipitia sokoni, kwa sababu mwenyewe alitaka. Walipita kwenye nyanya, akanunua.

Ndani vijana walikuwa wamejazana nyuma ya msichana mmoja aliyevaa aproni ya saluni. Mwindaji wake alikuwa amevuta upinde. Swala alikuwa mbele, amesimama ubavu, haoni kitu. Kutoka kichakani akatokea mtoto na kibuyu, anatembea bila haraka.

"Achilia!" mmoja alipiga kelele. "Huyo anaenda, achilia!"

"Wewe huoni kuna mtoto?"

"Msee, watalala njaa!"

"Wacha walale. Ngoja apite."

Mtoto akapita, akasimama kuchuma ua, akaendelea. Swala akainua kichwa, akanusa, akatoweka. Wote wakaguna kwa pamoja.

"Leo ni mboga," alisema yule msichana, akajinyoosha mgongo.

Ephantus alikuwa ukutani, mikono mfukoni, macho yake kwenye skrini. Mama Shiru alipenya katikati ya vijana, mkongojo mbele, wakampa njia.

"Hebu sogea kidogo, mrembo. Nami nijaribu."

Msichana alimpisha kiti na kumwonyesha pa kubonyeza. Mama Shiru akashika kipanya kwa mikono yote miwili. Aliwatafuta swala, akawapata, akatazama nyuma yao kwa muda mrefu kuliko mchezaji yeyote niliyewahi kumwona. Akaachia. Mshale ulipita juu ya migongo yao wote, ukavuka mto, ukaenda kuanguka kwenye majani, mahali ambapo hapakuwa na mtu.